Rehema, ratiba ya mafunzo isichapwe kwanza

Dar es Salaam
Jumapili jioni

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wanao. Mguu wa mama unaendeleaje? Huku sote wazima, joto tu ndilo linatutoa jasho usiku kucha. Nisamehe kwa kimya. Ratiba yako imekaa kwangu wiki tatu, na sasa Mama Zai ananiambia Ijumaa inakwenda kwa mchapaji. Basi naandika mbiombio, maana kuna jambo moja likibaki lilivyo, hao watayarishaji wako wa filamu wa Mwanza watarudi makwao na vyeti vipya na madeni yale yale.

Siku zote tatu hakuna hata saa moja ya mtiririko wa fedha. Bajeti nimeiona, mchana wa siku ya pili. Lakini bajeti inakwambia kazi itakula kiasi gani. Haikwambii siku fulani mfukoni kutakuwa na nini. Na watu wa filamu na televisheni wanakwama hapo hapo, wakiwa na mkataba uliosainiwa na kazi nzuri nusu njiani.

Wape mfano huu, nimeupigia hesabu uutumie kama ulivyo. Tamthilia ya episodi 13, kila moja shilingi milioni 6, jumla milioni 78. Gharama: maandalizi wiki tatu, milioni 6, kupiga picha wiki nne, milioni 11 kwa wiki, uhariri na sauti, milioni 20. Jumla milioni 70, faida 8 kwenye karatasi. Kituo cha televisheni kinalipa asilimia 30 wakati wa kusaini, asilimia 30 baada ya hariri ya awali ya episodi tano za mwanzo, na asilimia 40 siku 60 baada ya kupokea na kukubali zote. Wengi wataona huo ni mkataba wa heri.

Sasa wafungue kalenda. Awamu ya kwanza ni milioni 23.4, ila kituo kinakata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, zinaingia 22.23. Toa maandalizi, zinabaki 16.23. Wiki ya kwanza ya kupiga picha inaondoka na 11, zinabaki 5.23. Kwa wiki ya siku sita, siku moja inakula milioni 1.83 hivi. Kwa hiyo Jumatano ya wiki ya pili fedha zimekwisha, jenereta inataka mafuta, waigizaji wamekaa na mavazi yao, na awamu ya pili haiji mpaka episodi tano zihaririwe. Picha ya mwisho ikipigwa, pengo ni milioni 27.77. Awamu ya pili ikiingia, uhariri unaimeza, na kazi inakabidhiwa pengo likiwa milioni 25.54.

Pengo hilo watu wanaliziba kwa mkopo. Tuseme milioni 28, riba asilimia 5 kwa mwezi: milioni 1.4 kila mwezi, na kwa miezi minne 5.6. Malipo ya mwisho yakiingia na pengo likizibwa, zinabaki taslimu milioni 4.1, maana 3.9 zimeshakwenda TRA kama zuio. Toa riba. Kampuni iliyotengeneza faida ya milioni 8 ina upungufu wa milioni moja na nusu. Zile za zuio si za kupotea, zinapunguza kodi ya mapato ya mwaka, lakini lazima uwe na cheti cha zuio kwa kila malipo, na wengi hawakidai mpaka mwaka umepita na mhasibu wa kituo amehama.

Halafu wageuzie ukurasa. Bei ile ile, kazi ile ile, awamu tu ndizo zibadilike: asilimia 40 wakati wa kusaini, 30 siku ya kwanza ya kupiga picha, 20 kwa hariri ya awali, 10 kazi ikipokelewa. Baada ya zuio, hadi siku ya kwanza ya kamera zimeingia milioni 51.87. Maandalizi na upigaji picha wote ni 50. Hakuna anayekopa ili watu wale mchana. Pengo linakuja mwishoni tu, kwenye uhariri, nalo ni milioni 3.31. Kutoka 27.77 hadi 3.31, Rehema, bila kuomba hata shilingi moja ya nyongeza! Hili ndilo ningependa lifunguliwe asubuhi ya siku ya kwanza, vichwa vikiwa vizima.

Usiwaonyeshe kwenye skrini peke yake. Nunua kilo mbili za maharage, kila meza ipate bakuli, punje moja iwe milioni moja, na karatasi ndefu yenye safu 20 za wiki. Waingize punje 22 kwenye bakuli, kisha watoe wiki kwa wiki kwa mikono yao. Nusu nusu zisiwasumbue, waziandike kwa penseli. Mwongozaji asiyependa hesabu ataona bakuli tupu wakati waigizaji bado wako lokesheni, na hapo ndipo umuulize: ungesaini?

Kwenye mkataba kuna vipengele vitatu vinavyoshikana na kalenda hiyo hiyo, mwanasheria wako avisemee. Kwanza, kituo kikishapokea kazi kiwe na siku 10 za kazi kutoa maoni, na kikikaa kimya ihesabike kimekubali. Bila hivyo zile siku 60 hazianzi kamwe. Pili, marekebisho yawe raundi mbili, za zaidi zilipiwe. Tatu, masharti ya kiufundi yawe kiambatisho cha mkataba kabla ya kusaini: fremu 25 kwa sekunde, sauti kama ni -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) iandikwe hivyo, muziki na milio viwe kwenye mkondo wao mbali na mazungumzo. Kazi hurudishwa kwa sauti pia, si kwa picha tu, na kila inaporudishwa siku 60 zinaanza upya. Kwenye bakuli la maharage hiyo ni miezi miwili ya riba.

Haki nazo, usiziache kwa mwanasheria peke yake. Mwandishi wa muswada asaini hati ya kuhamisha haki kabla ya kulipwa awamu yake ya mwisho. Wimbo una ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na mtu akipata moja anadhani amemaliza. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia ushahidi, ila hakuzibi pengo la karatasi ambayo haikusainiwa.

Kwenye seti, neno ni masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mtu za matumizi. Mtu wa sanaa apewe laki tatu, arejeshe risiti na chenji ndani ya saa 24, na asipate nyingine kabla ya hapo. Anayeidhinisha asiwe yule yule anayelipa na kuandika. Laini ya simu ya kampuni iwe peke yake, na makato ya kutuma pesa yaandikwe, kwa sababu malipo madogo 40 kwa siku yana makato ya kweli. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idaiwe dukani papo hapo. Matumizi yasiyo na risiti hiyo mkaguzi wa kodi atayakataa, na utatozwa kodi kama vile ulipata faida. Mama lishe na bodaboda waandikiwe hati ya malipo yenye jina, sahihi na namba ya simu. Mfano wangu haukuweka akiba ya dharura. Asilimia 10 ya gharama ni milioni 7, nayo iingie kwenye bei tangu mwanzo, kwani siku nne tu za kuchelewa zinakula 7.3.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, itahitaji nusu saa kwa wale wanaovuka mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Sisitiza hili tu: ankara ukiitoa Machi, VAT yake inatakiwa tarehe 20 Aprili, hata kama kituo kitakulipa Juni. Kwa hiyo tarehe ya kutoa ankara nayo ni uamuzi wa mtiririko wa fedha. Unaona ninavyorudi pale pale.

Nafasi ya yote haya utaipata wapi? Historia ya filamu nchini iondoke, wanaijua. Somo la kusajili kampuni BRELA, saa moja inatosha. Ile mada ya maono na kujiamini ya Kibwana, najua atanuna, iende jioni baada ya chai, tena aifupishe.

Niambie: washiriki ni wangapi, na ukumbi una meza au viti vitupu? Wanaweza kuja na mkataba wao mmoja wa kweli, majina yakiwa yamefutwa? Mwanasheria uliyempata anajua haki za muziki, au ni wa ardhi? Nani atafundisha kodi, Deo amekubali? Kituo kile kilichosema kitatuma mtu wa manunuzi kimethibitisha? Maana yeye ndiye wa kuulizwa mbele ya watu kama zile awamu zinajadilika. Nijibu kabla ya Alhamisi nikutumie karatasi ya safu 20 ikachapwe pamoja na ratiba. Maharage nunua huko, huku yamepanda.

Wako,
Tunu