Kabla ya somo la Alhamisi: Warumi 9

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimesoma yote yaliyoandikwa humu kwenye kundi letu tangu jana usiku. Swali ni zito: kama Mungu ameshachagua nani ataokolewa, mwanadamu anahukumiwa kwa kosa gani? Paulo mwenyewe analitaja katika Warumi 9:19, kwa hiyo aliyeuliza asiambiwe tena kwamba hana imani. Hilo limeniumiza.

Alhamisi tutaanza na Farao. Someni Kutoka 4:21, kisha 8:15, kisha 9:12, kwa mpangilio huo. Mwanzo na mwisho, Bwana ndiye anayeufanya moyo wake kuwa mgumu. Hapo katikati Farao anaufanya mzito mwenyewe, baada ya kuona nafuu. Tafadhali msitoe uamuzi kabla ya kusoma mistari yote mitatu.

Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa kule Uholanzi, 1618 hadi 1619, iliyakataa mafundisho ya wafuasi wa Arminius, mwanateolojia aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuikataa neema, na wachungaji wao wengi wakaondolewa kazini. Mimi naamini neema hututangulia na bado tunaweza kuikataa. Lakini wenye msimamo wa Calvin humu, kwamba aliyechaguliwa na Mungu hawezi kuikataa neema, ni ndugu zangu kabisa. Wahubiri wa Uingereza, Wesley (upande wa Arminius) na Whitefield (upande wa Calvin), walipingana hadharani juu ya jambo hilihili, na Whitefield alipofariki 1770, Wesley ndiye aliyehubiri London kumkumbuka.

Mwenye neno kali kwa mwenzake anipigie mimi kwanza, asiliandike hapa.

Saa moja jioni, palepale. Njooni na Biblia.