Kwako mdogo wangu, kuhusu Tuktamysheva na Olimpiki ambayo hakwenda

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Juzi uliposema kwamba mwanamichezo asiyewahi kushiriki Olimpiki hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa, nilinyamaza kwa heshima ya wageni. Neno lako halijanitoka moyoni, na leo nakujibu hadharani, kwa kuwa wapo wengi wanaompima Elizaveta Tuktamysheva, mtelezaji wa kisanaa kwenye barafu kutoka Urusi, kwa kipimo hicho hicho.

Alizaliwa Desemba 1996 katika mji wa Glazov, huko Udmurtia. Kocha wake, Alexei Mishin, alikuwa Saint Petersburg, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, na kwa miaka mingi mtoto yule alisafiri kwa treni kwenda kufundishwa na kurudi nyumbani, hadi alipohamia huko. Akiwa na miaka 14 tayari alikuwa akiwashinda watu wazima, na mwaka 2012 alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Vijana mjini Innsbruck. Desemba ya mwaka huo akawa bingwa wa Urusi, tena Sochi, mji uleule ulioandaa Olimpiki ya 2014. Olimpiki ilipofika, yeye hakuwamo kikosini.

Wengi huishia hapo. Yeye alirudi, na msimu uliofuata akawa bingwa wa Ulaya mjini Stockholm, kisha bingwa wa dunia mjini Shanghai, Machi 2015. Shanghai ndiko alikoruka Akseli, mruko mmoja mgumu wa kuzunguka hewani, ya mizunguko mitatu katika programu fupi, yaani onyesho la kwanza kati ya mawili ya shindano. Kati ya miruko yote, ni huo pekee ambao mtelezaji huuanza akiwa ametazama mbele, naye hutua akirudi kinyumenyume, kwa hiyo mizunguko mitatu kwa kweli ni mitatu na nusu, yote hewani, kwa muda usiofika hata sekunde moja, kisha uzito wote wa mwili unapokelewa na ubapa mmoja mwembamba wa chuma chini ya kiatu. Wanawake waliouweza hadi wakati ule walikuwa wa kuhesabika.

Baada ya hapo ilipita miaka 6 bila yeye kuonekana tena kwenye ubingwa wa dunia. Urusi haikuweza kupeleka wanawake zaidi ya watatu, na kila mwaka walichipuka wasichana wapya. Alikosa pia Olimpiki ya Pyeongchang, lakini Oktoba 2018 akashinda mashindano ya Kanada kwa Akseli ileile, ambayo wengi walidhani imekwisha pamoja na utoto wake. Mimi naona ushindi huo ni mzito kuliko ule wa Shanghai, kwa sababu mwili wa mtu mzima hausamehe kama wa mtoto.

Machi 2021 alirejea Stockholm, safari hii kwenye ubingwa wa dunia, katika ukumbi usio na watazamaji kwa sababu ya korona. Mishin alikuwa ametimiza miaka 80 wiki chache tu kabla. Anna Shcherbakova alichukua dhahabu na Alexandra Trusova shaba, kila mmoja akiwa na miaka 16. Katikati yao, kwa medali ya fedha, alikuwa Tuktamysheva, mwenye miaka 24.

Mwaka 2022 Olimpiki ya Beijing nayo ikampita. Tafuta kwanza picha za Stockholm ya 2021, umtazame usoni anapomaliza, kisha njoo tuendelee na mazungumzo yetu.

Wako akupendaye.