Wito wa harambee: matangi mawili ya maji kwa bustani ya magunia, Kibera

Wapendwa majirani, wazazi, na wana wa Kibera mlio karibu na mlio mbali,

Tunawaalika kwenye harambee ya bustani yetu Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kuanzia saa nne asubuhi, katika uwanja wa shule ambamo bustani yenyewe imesimama, Laini Saba. Tunatafuta shilingi 160,000. Mpaka leo tuna 41,000 mkononi, nyingi zikiwa zimetokana na chapati na maharagwe ambayo kina mama wamekuwa wakiuza kila Jumamosi jioni. Zimebaki 119,000.

Kwa ambaye hajafika: usitarajie kuona shamba. Ni magunia 60, yale ya kilo 90, yamepangwa kandokando ya ukuta wa madarasa. Katikati ya kila gunia kuna nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Tunaijenga kwa kopo lililotolewa kitako: unajaza kokoto ndani ya kopo, udongo na samadi unauweka pembeni, unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, mpaka gunia lijae. Hizo kokoto ndizo njia ya maji. Bila hizo maji hutuama juu na miche ya chini hufa kwa kiu. Kisha tunatoboa ubavuni, kila tundu mche mmoja, na gunia moja linabeba miche 30 hadi 40 ya sukuma wiki, mchicha au managu. Udongo tunaununua kwa mkokoteni, kwa sababu ule wa kando ya mitaro hapa hatuwezi kulishia watoto mboga zake. Wanubi waliokaa hapa kwanza waliita mahali hapa Kibra, yaani msitu. Leo kijani tulicho nacho ni hiki kilichomo ndani ya magunia.

Ujuzi huu ulifika Kibera mwaka 2008. Baada ya ghasia za uchaguzi malori ya mboga yalikuwa hayaingii, bei sokoni ikapanda, na shirika la Ufaransa la Solidarités likaleta kilimo cha magunia. Baadhi ya kina mama wa kikundi chetu walijifunza wakati huo, na wao ndio wanaotufundisha sisi wengine.

Lakini kinachotufanya tuwe na imani na harambee hii ni siku moja ya Julai 2018. Wakati huo bustani ilikuwa upande wa Mashimoni. Nyumba zilipoanza kubomolewa kupisha barabara mpya, kila mtu alikimbilia godoro lake, sufuria zake, sare za watoto. Tulidhani magunia ndiyo basi tena. Hapo akatokea mzee mmoja mwenye mkokoteni, ambaye hata si mwanachama, akauliza, "Na chakula cha watoto mnamwachia nani?" Gunia lililojaa udongo mbichi na mawe haliinuliwi na watu wawili. Walihitajika wanne, mmoja kila pembe, na mzee akiita "Harambee!" nao wakiitikia "Hee!" ndipo gunia likanyanyuka. Safari moja magunia mawili, tangu asubuhi hadi giza likaingia. Mengine yalipasukia njiani. Tuliokoa 31, na miche mingi ilishika tena baada ya wiki moja ya kumwagiliwa vizuri. Shamba la ardhini lingelala chini ya lami. Bustani yetu ilihama na wenyewe.

Kuhama tuliweza. Kiu ndiyo inayotushinda.

Wakati wa kiangazi kila gunia linakunywa kama lita tano kwa siku. Magunia 60 ni lita 300, yaani mitungi 15 kila siku inayotoka mfukoni. Mtungi ukiwa shilingi 5 tunamudu, kwa sababu mboga zinazobaki baada ya chakula cha shule tunawauzia majirani na pesa hiyo inalipia maji. Februari mwaka huu mifereji ilikauka na mtungi ukafika shilingi 20. Hiyo ni 300 kwa siku, na hatukuwa na mboga za kuuza. Tulikaa kikao kuamua magunia yapi yanywe na yapi yaachwe. Tuliacha 22. Mojawapo lilikuwa la watoto wa darasa la tatu, walioliandika majina yao kwa makaa, na kwa siku kadhaa walikuwa wakilimwagia maji yao ya kunywa kutoka kwenye chupa. Hatutaki kukaa kikao kama kile tena.

Na maji yapo, juu ya vichwa vyetu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja. Paa la madarasa ni mita 80 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ingetupa lita 1,600, mitungi 80, na sasa yote inatiririka mtaroni. Tukikinga maji ya vuli kwenye matangi mawili ya lita 5,000, tunapata karibu siku 33 za kumwagilia bila kununua hata mtungi mmoja. Huo ndio mwezi uliotuua Februari.

Matangi yote mawili ni shilingi 84,000. Gata na mabomba ni 29,000. Msingi wa saruji, milango miwili ya chuma na kufuli ni 22,000. Magunia mapya, kwa kuwa jua linayala yale ya zamani, pamoja na udongo na samadi, ni 25,000.

Tangu Julai 2024, Rais William Ruto alipotangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee, tumeulizwa mara nyingi mgeni wetu rasmi atakuwa nani. Hatuna, na hatumtafuti. Mkubwa akija na bahasha nene, mwenye shilingi 50 huona aibu kusimama. Tunakutaka wewe mwenye 50 usimame. Mweka hazina atataja kila mchango kwa sauti, na orodha itabandikwa kwenye mlango wa shule siku hiyo hiyo. Walio mbali, watoto wetu wa Mombasa na wa ng'ambo, tumeni kupitia namba iliyo kwenye kadi ya mchango mliyopewa na mwanachama mnayemjua, na msitume kwa namba nyingine yoyote.

Usiye na pesa, leta kitu cha mnada: kuku, mayai, mkungu wa ndizi, kikapu ulichosuka. Mara ya mwisho jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa mnadani mara nne, na bado alirudi nyumbani kwa bibi aliyemleta. Sisi tutauza sukuma na managu yaliyochumwa asubuhi hiyo, na watoto watawaonyesha jinsi ya kujaza gunia kwa kopo. Githeri itakuwepo.

Jambo la mwisho. Tumepima vichochoro kwa kamba. Tangi la lita 10,000 halipiti, ndiyo sababu tunanunua mawili madogo, na hata hayo lori litayashusha barabarani tu. Kutoka hapo hadi shuleni ni mikono. Tunahitaji watu 16, wanane kwa kila tangi, wenye viatu vya kufunga. Mzee wa mkokoteni amekwisha kubali kuja kuita.