Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Simba: kabla ya jina la kocha, tuambieni mkataba

Shikamoo Mwenyekiti.

Naandika nikiwa bado na donge rohoni kwahiyo nivumilie nikirefusha. Mimi ni mwanachama wa kawaida tu, nakaa Mbagala, na toka zitoke taarifa kwamba kocha wetu Fadlu anatuacha anaenda Raja ya Morocco huku kwetu hakuna stori nyingine. Kwenye daladala ni kocha, kwa kinyozi ni kocha, jana usiku pale kwenye kahawa tumekaa mpaka saa tano, kashata zimeisha, mwenye birika kamwaga mkaa akasema nyie endeleeni mi nalala, na watu bado wanabishana gizani.

Ubishi wenyewe unaujua. Mmoja anamtaka Nabi, anasema kawafikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 kwahiyo mpira wa bongo anaujua nje ndani. Mwingine kakomaa na Gamondi, naye aliwahi kuwa Yanga. Kuna kijana wa bodaboda yeye ni Pitso Mosimane tu, asipokuja Pitso basi asije mtu. Wengine wanasema tuachane na wageni jamani, wazawa wapo, Mgunda yupo, Matola yupo, wapewe timu. Kila mtu ana jina lake na kila jina lina wa kulipinga. Sasa pale kuna mzee mmoja, Simba toka inaitwa Sunderland, muda wote kakaa kimya kashika kikombe hanywi, mwisho akauliza swali moja tu: hivi kocha wetu gani mara ya mwisho aliondoka ligi ikiwa imeisha?

Mwenyekiti, tulinyamaza. Halafu tukaanza kuhesabu kwa vidole. Aussems, aliyetupeleka robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, aliondoka Novemba 2019. Sven, Januari 2021. Gomes, Oktoba 2021. Pablo, Mei 2022 ligi imebaki kidogo iishe. Zoran Maki, Septemba 2022, huyo hata hatukumzoea sura. Robertinho, Novemba 2023. Benchikha, Aprili 2024. Na sasa Fadlu, Septemba 2025, msimu ndo kwanza umeanza. Makocha wanane waliokuja kama makocha wakuu, wote nane wameondoka gari likiwa kwenye mwendo. Hapo simuweki Mgunda maana yeye kila mara anaitwa kuzima moto.

Nimelala na hiyo hesabu, nimeamka nayo, ndo maana nakuandikia.

Angalia Sven. Tulitoka Zimbabwe na kipigo cha moja bila mbele ya FC Platinum, tukaja Dar tukawapiga nne bila, tukaingia makundi ya Klabu Bingwa. Mtaa mzima siku ile haukulala. Kesho yake tunaambiwa kocha kaondoka, na siku chache mbele tunamuona Morocco na FAR Rabat. Watu tulikuwa hatujamaliza hata kusimuliana magoli. Fadlu naye ni hivohivo, kaondoka tumetoka kushinda Botswana mechi ya kwanza ya Klabu Bingwa, na benchi lake kaondoka nalo. Yani timu ilibaki na wachezaji, mabegi na mechi ya marudiano mbele.

Na huyu Fadlu ndo anauma zaidi, acha niseme. Alipokuja 2024 timu ilikuwa mpya karibu yote, tukaambiwa subirini anajenga, tukasubiri. Mwaka wa kwanza tu katufikisha fainali ya Shirikisho. Robo fainali Al Masry walitupiga mbili kwao Misri, tukawarudishia mbili kwa Mkapa na kipa wetu Camara akamalizia kazi kwenye matuta. Fainali na Berkane ya Morocco nilivuka mpaka Zanzibar, nilikuwepo Amaan. Mutale alipofunga mapema nilikumbatiwa na mtu ambaye mpaka leo simjui jina, alikuwa analia, shati lake limelowa jasho begani, anarudia tu neno moja, bado moja, bado moja. Kwao tulipoteza mbili bila kwahiyo kweli ilikuwa bado moja. Lile goli la Mukwala likaja, tukaruka, VAR ikalifuta. Mwisho moja moja, wakabeba wao. Lakini nakwambia watu tulirudi kwenye boti tunaongelea mwakani, sio kwamba tumeonewa wala nini, tunaongelea mwakani. Huo mwakani ndo huu, na aliyekuwa anautengeneza hayupo.

Nachokuomba kiko hivi. Kwenye meza yenu mkianza kupitia CV msiangalie makombe peke yake, angalieni na miaka. Huyu mtu kila alikopita alikaa muda gani? Kama kila timu ni miezi sita, miezi nane, huyo hata awe na medali za kujaza kabati kwetu atafanya hivohivo, tabia haiachwi airport. Mi bora kocha asiyejulikana aliyekaa mahali misimu mitatu akajenga kitu, kuliko jina kubwa linalokuja kupiga picha na skafu halafu Januari tunaanza tena.

Pili mkataba. Sijui mikataba yenu inaandikwaje, sijawahi kuiona, lakini klabu inayomtaka kocha wetu katikati ya msimu ilipe, na ilipe pesa ya kuuma, na pale benchi wawepo watu walioajiriwa na Simba sio walioajiriwa na kocha. Kocha wa makipa, wa viungo, mchambuzi wa video, hawa angalau nusu yao wawe wetu. Akiondoka bosi wabaki, mazoezi ya kesho asubuhi Bunju yafanyike kama kawaida.

Na hapa ndo naingia kwenye huu ugomvi wa mzawa na mgeni ambao mimi naona tunaubishania vibaya. Watu wamesahau Mgunda alichofanya 2022. Kaitwa Septemba kutoka Coastal Union, timu haina kocha, kaenda Malawi kashinda mbili bila, nyumbani mbili bila, kaenda Luanda kwa Primeiro de Agosto kashinda tatu moja, nyumbani moja bila. Mechi nne za Klabu Bingwa kashinda nne, tukaingia makundi. Januari akaletwa Robertinho. Mi simlaumu Robertinho, lakini hivi tulimwambia nini Mgunda? Akaja kupewa Simba Queens, Aprili 2024 moto umewaka tena akaitwa tena, akazima, akarudi. Na Matola alikuja kwenye lile benchi kama msaidizi 2019, kafanya kazi na Mbelgiji, Mfaransa, Mhispania, Mbrazil, Msauzi. Kuna mtu Tanzania hii kajifunza zaidi ya huyo? Leteni mgeni sawa, sina shida na mgeni, ila aandikiwe kabisa kwamba huyu hapa pembeni yako ndo mrithi, unamfundisha, na siku ukiondoka yeye anakaa kwenye kiti, sio anashika mpaka apatikane mwingine. Huyo wa pembeni alipwe vizuri na aheshimiwe kwenye maamuzi, asibaki wa kupanga koni.

Utaniambia mbona Yanga msimu uliopita wamepita kwa Gamondi, Ramovic na Hamdi, watatu ndani ya msimu mmoja, na ubingwa wamebeba, tena wa nne mfululizo. Ni kweli, na jana kijiweni hoja hiyo ilitolewa kwa sauti kubwa sana. Lakini wale walikuwa na wachezaji waliokaa pamoja toka enzi za Nabi. Diarra, Job, Aucho, hao walishazoeana, kocha akibadilika wao wanajua mpira unaenda wapi. Sisi kocha akija anasajili wake, akiondoka anayekuja anakuta watu hakuwachagua, anasubiri dirisha dogo, anaacha watano analeta watano, tunaanza moja. Ubingwa wa mwisho tumebeba 2021, sasa mwanangu kaingia darasa la kwanza mpaka yupo la nne hajawahi kuona Simba bingwa wa ligi, shuleni anataniwa kila siku na anarudi kuniuliza mimi.

Na kwenye hili sisi mashabiki nasi tubebe letu. Usiku ule Yanga walipotupiga tano moja, Novemba 2023, mimi nilitoka banda umiza nikasimama barabarani nikapiga kelele Robertinho aondoke leo leo, na siku mbili baadae kweli akaondoka, nikaona nimesikilizwa. Sasa hivi naona nilikosea. Sio kwamba alikuwa anafaa, sijui kama alikuwa anafaa, ila sikujiuliza anakuja nani na kwa mpango gani. Tukipiga kelele za hivyo tena msitusikilize. Mtuonyeshe mpango mtuambie tulieni, tutatulia, wana Simba tukiambiwa ukweli huwa tunaelewa.

Kwahiyo Mwenyekiti siku mkimtambulisha kocha mpya, kabla ya picha na kabla ya video ya kutuchanganya kichwa, andikeni mistari miwili tu chini ya jina lake. Mkataba unaisha lini, na Mtanzania gani anakaa pembeni yake. Yule mzee wa pale kwenye kahawa macho yake siku hizi hayasomi simu, kaniambia ikitoka taarifa nimsomee, na nimeshamuahidi.

Mwanachama wenu,
Mbagala, Septemba 2025