Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Natumia nafasi hii kumshukuru dada muuguzi aliyekuwa zamu ya usiku wodi ya watoto. Jina lake sikulipata.

Mwanangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wenye watoto wa hali hii mnajua: chembe nyekundu zikijikunja zinaziba mishipa midogo, mtoto analia kana kwamba mifupa inavunjika.

Usiku ule maumivu yalipomshika mwanangu, dada huyu alianza na mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kama daktari alivyoandika. Dawa ilipokuwa haijashika, akamkanda mapaja kwa kitambaa cha vuguvugu, akanionya barafu nisithubutu, maana baridi hubana mishipa. Kisha akakoroga sabuni kwenye kikombe, akakunja waya ukawa duara. "Haya baba, puliza mapovu. Polepole, yasipasuke." Mtoto aliyekuwa akihema juujuu akaanza kushusha pumzi ndefu bila kujua anafanyishwa mazoezi. Povu moja likatua kwenye chandarua cha jirani, akacheka! Kila dada akirudi alikuja na karatasi ya sura, ya kutabasamu hadi ya kulia, mtoto aoneshe mwenyewe anaumwa kiasi gani.

Nisieleweke vibaya: mapovu hayatibu selimundu, na bila mofini usiku ule usingepita. Ila yalimwondolea woga, na woga huzidisha maumivu.

Dada, Mungu akuzidishie. Wauguzi wengine, sabuni na waya havisubiri bajeti; jaribuni. Nasi wazazi tukienda wodini tubebe kitambaa safi, chupa ya chai ya maji moto na hadithi mbili tatu za sungura.