Mwambie Ba'mdogo hii si plastiki ya marufuku

Köln, Jumapili usiku

Dada, shikamoo.

Hela ya mabati nimetuma Ijumaa kwa jina la shemeji. Ni ya mabati, narudia, si ya ada ya yule kijana. Risiti nitumieni WhatsApp.

Lakini lililonikalisha chini ni maneno ya Ba'mdogo kwenye kikao. Eti nimekuja Ulaya kusomea plastiki, na plastiki serikali ilishaipiga marufuku tangu 2019. Na nyie mkacheka! Kilichopigwa marufuku ni mifuko ile ya kubebea. Mimi natengeneza poliurethani inayooza. Godoro analolalia Ba'mdogo mwenyewe, lile la sponji, ni poliurethani. Ilivumbuliwa hapa jirani, Leverkusen, mwaka 1937, na Otto Bayer, ambaye pamoja na jina hilo hakuwa ndugu wa wenye kiwanda cha Bayer cha huko.

Msomee hapa, yeye mvuvi ataelewa. Plastiki ni nyuzi ndefu za molekuli. Zikilala tu pamoja bila kufungwa, ukizitia kwenye klorofomu, kimiminika cha kuyeyushia, zinaachana na kuyeyuka zote. Ukizipiga mafundo unapata wavu. Fundo langu ni glisirini, hiyo hiyo mnayopaka miguuni: ina mikono mitatu, inashika nyuzi tatu kwa mpigo. Hata mafuta ya nyonyo yanafaa, Bibi angefurahi. Kipande chenye mafundo ukikitumbukiza kinavimba, kinatepeta, ukikigusa kinatikisika, lakini hakiyeyuki ng'o. Zidisha mafundo: kinavimba kidogo tu, kinakuwa kigumu, na ukikivuta kwenye mashine kinakatika hata hakijarefuka.

Kasheshe iko kwenye kuoza. Wavu wa macho madogo hauingizi maji upesi, na maji ndiyo yanayokata nyuzi, kwa hiyo unachelewa kuoza. Basi utadhani dawa ni kuacha mafundo kabisa. Wapi! Nyuzi zangu ni za polikaprolaktoni, aina ya plastiki inayooza, na zikiachwa huru zinajipanga kwa kubanana zikawa fuwele, ambazo nazo maji hayapenyi kirahisi. Mafundo ya kiasi yanavuruga huo mpangilio, na kipande kinaweza kuoza mapema zaidi. Nililieleza hilo mbele ya idara nzima, kwa Kijerumani, na profesa akaagiza grafu zangu ziingie kwenye ripoti. Mtoto wa Chumbageni! Hilo usiliruke ukimsomea.

Nia ni kupata kitu cha kushikilia nyama inapoota upya mwilini, kisha kiishe chenyewe, mgonjwa asipasuliwe mara ya pili. Ndiyo maana situmii kemikali zile za magodoro, ambazo zikivunjika zinaweza kuacha sumu. Yangu inatokana na laisini, sehemu ya protini iliyomo hata kwenye maharage.

Mengine ya huku ya kawaida, kazi ya usiku ipo, tuyaache. Jana nimejaribu samaki wa kupaka kwa nazi ya kopo. Usiniulize. Mama akipika, nipigieni video nione sufuria tu.

Na Ba'mdogo akishasikiliza yote hayo, naye atueleze hati ya shamba la Muheza iko kwa nani. Mpaka ionekane, ya wakili sitoi hata senti.

Mdogo wako