Harambee ya Uchunguzi wa Mlango wa Kizazi: Msituletee Simu za Zamani

Ndugu, jamaa na marafiki,

Kamati yetu ya afya ya kina mama inachangisha kwa ajili ya vituo 4 vya kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi kwa msaada wa simu. Mwaka 2022 ugonjwa huu uliua wanawake wapatao 350,000 duniani, karibu wote katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ila kabla hamjaingiza mkono mfukoni, tunaomba jambo moja: simu za zamani zibaki nyumbani. Katika kazi hii simu ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko vyote.

Muuguzi huweka spekula (chombo cha kupanulia uke), hufuta ute kwa pamba kavu, hupaka asidi ya asetiki (ile iliyomo kwenye siki) ya asilimia 3 hadi 5, kisha husubiri dakika 1 nzima kwa saa, si kwa kukisia. Pale ambapo HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, vimeanza kuharibu chembe, ngozi hugeuka nyeupe nzito yenye mpaka unaoonekana. Watu wawili wanaweza kuusoma weupe uleule tofauti. Bila picha, aliyekosea hajui kamwe kuwa amekosea. Kwa hiyo hupigwa picha 1 kabla ya asidi na 2 baada yake, na daktari bingwa aliye mbali huzipitia na kusahihisha.

Picha mbovu nayo hudanganya. Flashi ikipiga mahali palipolowa huacha madoa meupe yanayong'aa, na mgeni wa kazi huyaita ugonjwa. Kamera hupenda kushika ukingo wa spekula, kilicho nyuma yake kikawa ukungu mtupu. Spekula ya chuma ikimetameta, simu hujipunguzia mwanga yenyewe na mlango wa kizazi ukatoka mweusi kama umepigwa picha ndani ya chungu. Basi: kausha majimaji, funga simu kwenye kistendi, rudi nyuma kidogo uvute kwa zumu, gusa kioo penye kitundu cha mlango, ndipo upige. Programu za akili bandia tusizitegemee peke yake. Iliyofundishwa kwa picha za kamera moja huweza kuyumba ikipewa za kamera nyingine.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendelea kipimo cha vinasaba vya HPV, kuanzia miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Nasi twakubali. Hata hivyo, pasipo na maabara, asidi ndiyo iliyopo. Na aliyekutwa na virusi bado lazima aangaliwe mlango kabla ya kutibiwa. Waliokoma hedhi ni suala jingine: eneo linalotafutwa huwa limejificha ndani, picha hailioni, hivyo hao hupelekwa kwenye kipimo cha HPV.

Sasa, fedha nyingi zitakwenda kwenye mashine ya tiba joto, inayochoma chembe zilizoharibika. Mama akiambiwa ana mabadiliko kisha akapangiwa kurudi mwezi ujao, nauli na hofu humzuia, na picha yake nzuri haijamsaidia kitu. Mashine hii hutumia betri, haihitaji mtungi wa gesi kama ile ya kugandisha, na ncha yake ya nyuzi 100 hukaa sekunde 20 hadi 30 tu. Weupe ukiingia ndani ya kitundu, au ukitiliwa shaka kuwa ni saratani yenyewe, haitumiki: mgonjwa hupewa rufaa, na sisi tunalipa nauli.

Kila kituo kinahitaji mashine 1, spekula 30 (foleni ya watu 25 haiwezi kungoja chombo kichemke dakika 20 kila mara), tochi ya kichwa, pawabanki 2, kistendi 1, glovu, pamba, asidi, na simu 1 ya kazi isiyotoka kituoni. Simu hiyo ina nywila, hifadhi ya mtandaoni imezimwa, na kila picha ina namba badala ya jina. Hakuna picha bila ridhaa ya mama.

Mchango ukipungua, tutanunua kwa mpangilio huu: mashine, spekula, nauli za rufaa, halafu vingine. Mkabidhini mweka hazina, si mjumbe mwingine yeyote, na mdai risiti, hata kama umetoa katoni moja ya glovu.